Mheshimiwa wa Maegesho

Mume wa dada yangu alikuwa wakili, kisha akawa mjumbe wa baraza la jimbo, kisha akawa mlinzi wa magari pale ufukweni Durban, kisha akawa mwanasiasa tena. Na katika kazi zote hizo sikumwona hata siku moja akitoka nyumbani bila tai. Nilikaa naye miaka ya mwisho ya tisini katika fleti moja ya Albert Park, ghorofa ya sita, yeye na dada chumbani, mimi sebuleni nyuma ya pazia. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuletewa na watu. Mengi niliyasikia kupitia kitambaa.

Nitamwanzia Bukavu, kwa kuwa yeye mwenyewe kila maongezi aliyaanzia Bukavu, hata akiulizwa tu kama chai ina sukari.

Huko kwetu alikuwa na sifa ya kutoshindwa kesi. Ilikuwa kweli, na njia yake ilikuwa nyepesi: kesi aliyoiona inaelekea kumshinda aliomba iahirishwe. Ikirudi, aliomba tena. Mashahidi walihama, mahakimu walistaafu, wenye kesi walizeeka, wengine wakafa na ugomvi wao, na yeye akabaki hajashindwa. Dada yangu alikwenda kwake kama mteja, kwa ajili ya kiwanja cha baba yetu ambacho jirani alikuwa amekimega. Kiwanja tulikikosa. Yeye akapata mke. Baba alisema afadhali, kuna kitu kimoja kimemalizika katika ofisi ile.

Kutoka mahakamani akaingia siasa, na chama kikamweka kwenye baraza la jimbo. Wakati huo watu wa upande wetu walikuwa wakililia daraja kwenye mto uliokata njia ya sokoni, na yeye ndiye aliyekuwa akilisemea. Gavana alikuja, jiwe la msingi likawekwa, shemeji akasoma hotuba. Gavana akabadilishwa. Wa pili naye alitaka jiwe lake, likawekwa ng'ambo ya pili, na hotuba ikasomwa ile ile. Alipokuja wa tatu, mto ulikuwa umeondoka na jiwe la kwanza, likaletwa jingine, na safari hii shemeji alisahau kubadilisha jina kwenye karatasi, akamshukuru kwa moyo wote gavana ambaye siku hizo alikuwa kifungoni. Kina mama waliendelea kuvuka juu ya magogo yale yale, mihogo kichwani. Shemeji alilihesabu daraja lile kati ya mafanikio yake. Ukimwuliza liko wapi, alijibu, "Kisheria, liko."

Vita vilipofika Bukavu, yeye alikuwa kwenye kamati ya usalama ya jimbo, na nadhani ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua. Tulitoka mjini asubuhi pamoja na mji mzima, magodoro vichwani, sufuria mkononi. Mtu mmoja aliyetembea karibu yetu alikuwa na redio ndogo begani. Tulipopumzika kando ya barabara, tukasikia kutoka kwenye redio ile sauti ninayoijua vizuri kabisa: "Raia wanaombwa kubaki watulivu majumbani mwao. Hali iko mikononi mwa serikali." Watu waligeuka mmoja mmoja wakamtazama shemeji, ambaye alikuwa amekaa juu ya furushi letu akimenya ndizi.

"Ilirekodiwa jana," alisema.

Mwenye redio aliizima.

Tulipita Tanzania, tukapita Zambia, tukashuka hivyo hivyo, mara basi, mara lori. Kila mpaka alijitambulisha. Mpaka wa kwanza walitupisha. Wa pili walicheka kisha wakatupisha. Wa tatu walimwambia, mzee, kaa chini pamoja na wenzako. Ndani ya mfuko wa nailoni alibeba joho lake jeusi la mahakamani na kile kitambaa cheupe cha shingoni, na alipenda mvua inyeshe juu ya kichwa chake kuliko juu ya mfuko ule. Dada alibeba sufuria. Nadhani hapo ndipo mtu angeweza kujua mapema nani atatulisha.

Durban tuliichagua kwa sababu watu wa Uvira, mji wa jimbo letu, waliotangulia walituambia iko bandari, iko kazi. Dada alipata kazi kwenye saluni katikati ya mji, akawa anasuka nywele tangu asubuhi mpaka vidole vikawa vinatetemeka akishika kijiko. Mimi nilipata kazi kwenye duka la simu la Mrundi mmoja, chini ya jengo letu, pale ambapo watu walikuja kupiga kelele kwa ndugu zao walioko mbali. Kiingereza changu nilijifunza humo, na kilitosha kumwambia mtu dakika zake zimekwisha.

Shemeji hakutafuta kazi. Alikwenda kutembelea wenzake. Alivaa suti, akaingia kwenye ofisi za mawakili wakubwa wa mji, akamwambia msichana wa mapokezi, kwa Kifaransa, kwamba yeye ni mwenzao kutoka barani na amekuja kusalimia. Walimpa maji. Ofisi moja walimpa maji na biskuti, na hiyo akaisifu wiki nzima. Mwishowe kijana mmoja mpole alimweleza kwamba ili awe wakili hapa atarudi chuo kikuu, atasoma sheria za hapa, kwa Kiingereza, tangu mwanzo.

"Nianze na vitoto?" alituuliza jioni ile, akivua viatu. "Mimi? Metre mzima?"

Wakongo wote walimwita Metre, kama kwetu wanavyoitwa mawakili, au Honorable, kama wanavyoitwa wajumbe. Wakenya wa ghorofa ya chini walimwita Mita. Walidhani ni kwa sababu ya ufupi wake.

Baada ya hapo alitangaza kwamba sheria ya Afrika Kusini si sheria, akakaa kwenye kiti karibu na dirisha akiitazama bandari. Alikaa mpaka dada akachoka. Siku moja alirudi kutoka saluni, akamkuta bado yuko pale pale, na mbele yake kikombe ambacho alikuwa akimsubiri aje kukiosha.

"Baba," dada alisema, bila kupandisha sauti, "kesho unaenda na wenzako kuchunga magari. Ukitaka kuenda na tai, enda na tai. Lakini unaenda."

"Mke wangu, mimi ni mjumbe."

"Basi uende na ujumbe huo."

Akaenda. Walimpa kizibao cha njano kinachong'aa, akakivaa juu ya koti la suti. Kazi yenyewe wote mnaijua: mtu anaegesha gari aende kuogelea, wewe unasimama juani unaliangalia, akirudi anakupa chochote au hakupi kitu. Wakongo wengi tuliowajua waliifanya, wakiwemo mwalimu wa hesabu na daktari wa ng'ombe, nao walikuwa wakiifanya kimya kimya, macho chini. Shemeji aliifanya kama mtu aliyepewa wilaya.

Haukupita mwezi, maegesho yale yakawa na mipaka. Upande wa bahari ulikuwa tarafa ya kwanza, upande wa hoteli tarafa ya pili, na pale kwenye robot, kama wanavyoita taa za barabarani, palikuwa na "kituo cha mpakani". Aliwateua walinzi wenzake kuwa wakuu wa tarafa. Mzulu mmoja mtu mzima, aliyekuwa amechunga magari pale kabla yetu sote, aliamka siku moja akaambiwa yeye ni naibu. "Eish, huyu baba," alisema, akacheka, akakubali. Wazee wa Kizungu walimpenda shemeji kwa sababu aliwafungulia mlango akainama kama balozi. Jioni akila alituhadithia siku yake.

"Leo nimepokea wageni wengi."

"Magari," dada alisema, akimwekea ugali.

"Magari yana watu ndani."

Ingeishia hapo, huenda angekuwa mtu mwenye furaha. Lakini jamaa waliamua kuunda chama cha Wakongo wa jengo letu na majengo ya jirani, chama cha kuzikana, kusaidiana wakati wa ugonjwa, na kusemeana kwa wakubwa. Chama kinataka mwenyekiti. Shemeji aliposikia neno uchaguzi, aliacha kula katikati ya tonge.

Mpinzani wake alikuwa mpakuzi wa mizigo kwenye maghala ya Clairwood, jitu la Uvira lenye mabega kama kabati, mtu asiyependa maneno. Alijua Kizulu kwa sababu alifanya kazi na Wazulu, na watu walimpenda kwa sababu mtu akifiwa alikuja kubeba jeneza. Kampeni yake ilikuwa ni hiyo tu. Ya shemeji ilikuwa ya jimbo. Alitembea mlango kwa mlango, ghorofa kwa ghorofa, na mimi nikamfuata kwa kuwa dada alisema nimwangalie asije akaahidi vitu vyetu. Aliahidi zahanati. Aliahidi shule ya Kifaransa. Kwenye mkutano wa mwisho, ndani ya ukumbi wa kanisa, aliahidi daraja.

"Daraja la wapi?" mama mmoja muuza unga aliuliza kutoka nyuma. "Mto uko wapi hapa Albert Park?"

Shemeji hakuangalia hata pembeni. "Daraja la umoja," alisema, na nusu ya ukumbi ikapiga makofi. Nilijionea kwa macho yangu jinsi watu walivyoshangilia kitu ambacho hakipo, tena watu waliokuwa wamekwisha kukimbizwa na vitu vya namna hiyo.

Walipiga kura kwa kuinua mikono, Jumapili baada ya ibada. Akashindwa, na haikuwa kwa kidogo. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema mikono ilihesabiwa bila waangalizi wa kimataifa. Jumapili iliyofuata alikuwa na chama chake. Jengo moja likawa na marais wawili, mmoja ghorofa ya tatu, mwingine ya sita, na mtu akifiwa alilazimika kutoa taarifa mara mbili. Makamu wa rais wa ghorofa ya sita nilikuwa mimi. Sikuulizwa. Nilisikia likitangazwa nikiwa napiga pasi upande huu wa pazia.

Kisha ikaja asubuhi ya polisi. Walizunguka jengo na mitaa ya karibu kabla watu hawajaenda kazini, wakitaka karatasi za ukimbizi. Aliyekuwa nayo alipita, aliyekuwa ameiacha nyumbani au imekwisha muda alipanda gari. Karatasi ya dada ilikuwa kwenye ofisi yao wenyewe ya uhamiaji, ameipeleka iongezwe muda, na wakati ule ofisi ilikuwa ikikaa na karatasi za watu mpaka mtu anasahau alikuja lini. Dada aliwaeleza hivyo. Walimchukua akiwa ameshika fungu la nywele za bandia za mteja wake wa saa mbili.

Nilipanda ngazi mbio kumwambia shemeji. Nilimkuta tayari anajua, jengo zima lilikuwa likipiga kelele. Alikuwa amesimama mezani anapiga pasi joho.

"Shemeji, twende kituoni, tumpelekee chakula na shuka."

"Chakula ni kazi ya wasiojua sheria," alisema. "Mimi nitaonekana mahakamani."

Aliyepeleka mkate na chai kituoni ni yule mpakuzi wa Clairwood, kwa watu wote, wa chama chake na wa chama chetu. Aliomba ruhusa kazini, akakatwa mshahara wa siku, hakusema.

Kesho yake tukaenda mahakamani. Shemeji alivalia joho lake nje, barabarani, akafunga kile kitambaa cheupe shingoni, akaingia ndani akiwa amenyoosha mgongo kama mtu anayetembea juu ya zulia. Ukumbi ulijaa Waafrika wa kila nchi, polisi, na makarani. Walipoona joho jeusi likiingia, wakasimama. Ukumbi mzima. Polisi naye akasimama, akavua kofia. Walidhani ndiye hakimu.

Mtu mwingine angeona aibu. Shemeji alipunga mkono taratibu, kuwaashiria waketi, nao wakaketi. Nimeyaona mengi katika maisha yangu, lakini sijaona tena uso wenye amani kama ule.

Amani ile haikudumu. Mlango wa pembeni ulifunguliwa, akaingia hakimu mwenyewe, mama wa Kihindi mwenye miwani, na watu, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kusimama mara moja, wengine walisitasita. Mama yule alitazama huku na huku, kisha akamwona shemeji.

"Huyu ni nani?"

Hapakuwa na mkalimani wa Kifaransa wala wa Kiswahili siku ile. Palikuwa na wa Kizulu tu. Karani akauliza nani anaweza kutafsiri, na kabla sijajificha, watu wa jengo letu walinisukuma mbele. Ndipo nikasimama pale na Kiingereza changu cha duka la simu.

"Ni mume wa yule dada pale," nilisema, nikionyesha kizimbani, ambako dada alikuwa amekaa kati ya wanawake wengine, kitambaa cha kichwa kimemlegea. "Na ni wakili."

"Wakili wa wapi?"

"Wa Kongo."

"Na hapa, anafanya kazi gani?"

Nilimgeukia shemeji. Swali alikuwa amelielewa, maana alikuwa ameinua kidevu kunitazama, na macho yake yalikuwa yakiniomba nitafute neno zuri. Nililitafuta. Kwa Kiingereza nilichokuwa nacho, halikuwepo.

"Anachunga magari, madam."

Watu walicheka, kwanza nyuma, kisha hata mbele. Mwendesha mashtaka, kijana wa Kizungu aliyekuwa ameinamia makaratasi, aliinua kichwa. "Nilijua namfahamu! Ni yule wa ufukweni anayenipigia saluti."

Hakimu hakucheka. Alimwambia shemeji kwamba joho lile haliruhusiwi kuvaliwa pale na mtu ambaye hajasajiliwa, na kwamba akiendelea nalo atamweka ndani pamoja na wenzake. Alivue. Kisha, kama ana neno la kusema kama mume, alisema atamsikiliza.

Nilimtafsiria. Akaanza kufungua vifungo kimoja kimoja. Chini ya joho alikuwa na shati ambalo lilikuwa na kola na kifua peke yake. Mikono dada alishaikata zamani, akatengenezea viraka. Akabaki pale mikono mitupu, myembamba, mtu mfupi wa makamo aliyekonda. Aliangalia upande wa kizimba, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikosa pa kuanzia.

"Mke wangu anasuka nywele," alisema hatimaye, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa. "Karatasi yake iko kwenu. Alileta yeye mwenyewe. Naomba arudi nyumbani."

Nikatafsiri. Ilikuwa rahisi. Hakimu aliandika kitu, akavua miwani, akamtazama dada, akamtazama shemeji, na ilionekana wazi kabisa kwamba maneno yamemfika. Hapo ndipo alipopaswa kukaa. Mtoto yeyote angejua kukaa. Lakini shemeji alivuta pumzi, akarudi kwenye Kifaransa chake, akanyanyua kidole.

"Kwa kumalizia, Mheshimiwa Hakimu, nina hoja saba."

"Anasemaje?" hakimu aliuliza.

"Anasema asante," nilijibu, nikamvuta kwa kiuno cha suruali mpaka akakaa.

Waliachiwa alasiri ile, dada na wengine wengi. Ilitokea hivi: hakimu aliagiza ofisi ya karatasi ithibitishe majina, na yule mpakuzi wa Clairwood tayari alikuwa kule, amesimama mbele ya dirisha la ofisi na mabega yake, akiwaeleza kwa Kizulu kwamba hatoki. Walimtuma ofisa aje naye mahakamani ili dirisha lipate hewa. Ofisa alithibitisha, mlango ukafunguliwa. Nje, mpakuzi alinipa ishara ya kidole gumba, akasema "Sharp," kama wasemavyo huku kwamba mambo ni sawa, akakimbilia taxi arudi kazini.

Jumapili, kanisani, baada ya matangazo, shemeji aliomba dakika mbili. Alichukua nusu saa. "Ndugu zangu, nimeshinda kesi yangu ya kwanza katika Jamhuri ya Afrika Kusini." Akasimulia ukumbi ulivyosimama alipoingia, na hilo lilikuwa kweli. Akasimulia hakimu alivyoguswa, na hilo pia lilikuwa kweli. Kuhusu kuvua joho alisema walimwomba alivue kwa sababu ya joto.

Watu walipiga makofi, wengine waliokuwepo mahakamani wakiwemo. Nilimtazama dada pembeni yangu. Hakupiga makofi wala hakununa. Tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa miguu, shemeji akiwa mbele anapeana mikono na watu, dada aliniambia polepole, "Alipovua lile joho, nilimwona yule mtu niliyetamani kuolewa naye. Kwani wewe hukumwona?"

"Nilimwona, yaya," nilimjibu, kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa.

"Hakukaa sana."

Mpakuzi alikuja kwetu wiki ile ile. Alikataa kiti, labda alikiogopea. "Honorable," alisema, "chukua chama. Chukua chote. Mimi niko na kazi Clairwood, siwezi kushindana na mtu wa mdomo." Hivyo shemeji akawa rais wa ghorofa zote bila kupingwa, na jambo la kwanza alilofanya ni kuunda tume ya kuchunguza uchaguzi uliopita.

Vita vya pili vilipoanza nyumbani, waasi wapya waliishika Bukavu, na kati yao walikuwemo wale wale waliotufukuza mara ya kwanza. Walikuwa na bunduki za kutosha lakini hawakuwa na watu wa kuvaa tai. Siku moja simu iliita dukani, nikaipokea, na sauti ya mtu mwenye mamlaka ikaniuliza, "Honorable yuko?" Akasema atapiga tena baada ya saa moja, nikamtuma mtu ufukweni. Alikuja mbio na kizibao cha njano kinapepea, akakivua mlangoni, akakaza tai, ndipo akashika simu. Aliongea akiwa amesimama wima. "Ndiyo, Excellence. Kwa ajili ya wananchi, Excellence."

Nyumbani alitueleza. Anahitajika. Atakuwa mshauri wa gavana katika mambo ya sheria.

"Gavana yupi?" dada aliuliza. Alikuwa anakatakata sombe, majani ya mihogo, na hakuacha.

"Gavana mpya."

"Wa watu waliotufanya tulale porini?"

"Siasa haina uadui wa kudumu, mke wangu."

"Na nyumba yetu? Nani anakaa humo sasa?"

Shemeji alikohoa. "Kamanda mmoja. Lakini si mtu mbaya. Ameahidi kunikaribisha kama mgeni."

Kisu kilisimama. Dada alimtazama kwa muda, halafu akaanza kucheka, kicheko ambacho kilimtoa machozi, akaishika meza, na mimi nikacheka kwa sababu yake, mpaka shemeji mwenyewe akatabasamu kidogo, akidhani tunafurahia habari.

Dada alikataa kwenda naye. Hapakuwa na ugomvi. Alimfulia mashati, akamshonea moja mikono mipya, akamsindikiza mpaka kituo cha basi. Walinzi wa maegesho walikuja na vizibao vyao, wakajipanga mistari miwili, wakampigia saluti, na yule Mzulu aliyekuwa naibu akarithi tarafa zote. Shemeji alipanda basi bila kugeuka. Nafikiri alikuwa akilia, na mtu wa cheo chake asingependa tuone. Dada yeye aligeuka na kuniambia tuwahi, ana mteja.

Tulisikia habari zake kwa wapigaji simu. Alimshauri gavana yule, gavana akaondolewa, akamshauri aliyefuata. Alipiga simu mara kwa mara, mwanzoni akimtaka dada, baadaye akimtaka yeyote. Jumamosi moja alipiga, duka limejaa, akasema ni jambo la kiserikali. Nilimwita dada kutoka saluni. Alikuja na kitana mkononi.

"Nimeteuliwa mwenyekiti wa tume ya kuwarudisha wakimbizi," shemeji alisema, kwa sauti niliyoisikia mpaka nilipokaa. "Nataka wewe uwe wa kwanza kurudi. Uwe mfano."

"Nyumba wamekurudishia?"

"Nimepewa chumba."

"Chumba kipi?"

"Cha nyuma."

"Cha mpishi?"

"Kamanda ni mtu mwenye heshima," alisema. "Tunakula meza moja siku za sikukuu."

"Msalimie," dada alisema. Alinirudishia simu, akatoka, akamrudia mteja aliyemwacha na kichwa nusu kimesukwa.

"Amesemaje?" shemeji aliniuliza.

Nilifikiria mtu yule akiwa amekaa kwenye chumba cha mpishi, ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, na tai shingoni. Sikuweza kumwambia ukweli. "Amesema atafikiri, shemeji."

"Vizuri sana," alisema, na nikamsikia akimgeukia mtu pembeni yake. "Andika kwamba wakimbizi wa Durban wamekubali kimsingi."

Dada alipata karatasi zake, na baadaye saluni yake, viti vitatu na kioo kirefu, mtaa ule ule. Wateja wakiwa chini ya mikono yake humwuliza mambo, kama kawaida ya saluni, na mmoja wao lazima aulize mumewe yuko wapi. "Yuko serikalini," hujibu dada, kwa sauti ile ambayo wengine hutumia kusema mtu wao yuko hospitali, na wateja humpa pole.